MTOTO ALIYEZALIWA KABLA YA SIKU ZAKE, NA LIKIZO YA MAMA YAKE

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa siku ya Jumapili mbele ya wanachama wa tawi letu katika ukumbi wa Kaloleni. Tumeyachapa hapa kwa sababu wengi waliokuwa zamu siku hiyo hawakuweza kufika.)



Kamati ilituomba tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halionekani kuwa kazi ya chama. Wengine wenu mlipoona tangazo mlangoni mliuliza, Je, chama kimegeuka kuwa kliniki? Mishahara haitoshi, nauli yapanda, nanyi mwatuita kusikia habari za ubongo wa watoto! Twawaomba mtusikilize mpaka mwisho. Habari hii inaanza katika wodi ya uzazi, inapita darasani, na inaishia kwenye ile meza ambapo wajumbe wetu hukaa na matajiri kuandika mkataba.

Katika kila safu ya nyumba zetu, kutoka Shauri Moyo na Bahati mpaka Kayole na Dandora, hakosi mtoto mmoja ambaye majirani humwita mtoto wa miezi saba. Siku hizi wengine husema njiti. Alizaliwa mdogo kama njiwa, akakaa hospitalini majuma mengi, watu wakachanga pesa, akapona. Alipotolewa nyumbani tulishukuru, tukanywa chai, na habari ikaisha. Au twadhani iliisha. Mtoto yule anapofika Gredi ya Pili au ya Tatu taabu inarudi ikiwa na jina jingine. Sasa haitwi mtoto wa miezi saba. Anaitwa mvivu. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hasikilizi, anaota mchana, hesabu zinamshinda. Baba anasema ukoo wa mama yake ndio ulivyo. Mama ananyamaza, au anamchapa. Hakuna mtu anayekumbuka yale majuma ya hospitali miaka 8 iliyopita, wala hakuna anayeuliza kama mambo haya mawili ni jamaa moja.

Mara nyingi ni jamaa moja, na hilo ndilo tulilokuja kulisema.

Mimba hukaa majuma 40. Mtoto anayezaliwa kabla ya majuma 37 kutimia huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya siku zake. Kati ya majuma 32 na 37 ndiko wanakoangukia wengi wao. Walio chini ya majuma 32 hatari yao ni kubwa zaidi, na walio chini ya 28 ni kubwa mno. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watoto milioni 13.4 duniani walizaliwa namna hii, yaani kama mmoja katika kila kumi. Jambo hili ndilo linaloongoza kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Lakini leo hatukuja kusema juu ya wanaokufa. Tumekuja kusema juu ya wanaobaki.

Sasa tutazame ubongo wenyewe. Nani kati yetu hajaona ubongo wa mbuzi kwenye buchari? Umejaa mikunjo. Ubongo wa mtu una mikunjo mingi kuliko huo, lakini haukuanza hivyo. Mtoto akiwa tumboni mwezi wa sita, ubongo wake bado ni laini juu karibu kama yai. Mikunjo ile hufanyika katika miezi mitatu ya mwisho. Katika miezi hiyo hiyo ubongo huongezeka uzito kwa kasi kubwa. Katika juma la 35 uzito wake ni kama theluthi mbili tu ya uzito utakaokuwa nao siku ya kuzaliwa kwa wakati wake. Theluthi nzima huongezwa katika majuma matano ya mwisho, wakati ambao wengi wetu hudhani mtoto amekwisha kukamilika na yuko tumboni ananenepa tu.

Wanachama wetu walio mafundi wa stima wataelewa vizuri zaidi. Ubongo ni kama nyumba inayowekwa nyaya. Kwanza nyaya hupitishwa kutoka chumba hiki mpaka kile, halafu kila waya huvikwa ganda lake ili umeme usipotee njiani. Kazi hii ya nyaya na maganda imepamba moto hasa katika ile miezi ya mwisho, nayo huendelea kwa miaka mingi baada ya kuzaliwa. Mtoto akizaliwa mapema kazi haisimami, ila fundi analazimika kuimaliza nyumba isiyo na paa huku mvua inanyesha.

Mvua hiyo ni mambo mengi. Mapafu hayajakomaa, kwa hiyo hewa haitoshi. Mishipa midogo ya damu katikati ya ubongo ni dhaifu kama uzi wa buibui, na kwa mtoto aliye chini ya majuma 32 yaweza kupasuka, mara nyingi katika siku tatu za kwanza. Ugonjwa wa damu wa kuambukizwa, umanjano uliozidi, baridi, sukari kushuka mwilini, haya yote hugonga zile nyaya kabla hazijavikwa ganda. Mara nyingine uharibifu ni mkubwa na huonekana mapema. Mtoto hakai, hatembei, viungo vinakaza. Mara nyingi zaidi ni mdogo, umetawanyika, na hakuna anayeuona mpaka mtoto apewe kalamu na kuambiwa atoe 17 katika 42.

Watu wamechunguza jambo hili. Mwaka 2002 wataalam waliziweka pamoja hesabu za uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya watoto wenye umri wa shule. Walikuta kwamba katika kipimo cha akili ambacho wastani wake ni 100, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa chini ya wenzao kwa alama kama 11. Ugonjwa wa kukosa utulivu wa mawazo ulionekana kwao zaidi ya mara mbili. Huko Uingereza na Ireland walifuatwa watoto waliozaliwa mwaka 1995 kabla ya majuma 26 kutimia. Walipotimiza miaka sita, mmoja katika kila watano hivi alikuwa na ulemavu mkubwa, lakini mmoja katika kila watano hakuwa na ulemavu wowote. Mkumbuke tarakimu hiyo ya pili. Huko Scotland, katika hesabu ya wanafunzi zaidi ya 400,000 iliyotolewa mwaka 2010, ilionekana kwamba haja ya msaada wa pekee shuleni hupanda kwa kila juma ambalo mtoto hutangulia, hata kwa wale waliokosa majuma mawili au matatu tu.

Hapa kwetu pia kazi imefanywa. Watafiti wa Kilifi, chini ya KEMRI, mwaka 2012 walikusanya taarifa kutoka nchi nyingi juu ya watoto waliopatwa na mashaka tumboni au siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Walionyesha kwamba wengi katika wale wanaookoka hubaki na kasoro ya namna moja au nyingine, na kwamba nchi kama yetu ndizo zenye wagonjwa wengi na vipimo vichache.

Nyumbani na darasani mambo huonekana hivi. Mtoto anaweza kusema vizuri, tena ana adabu, lakini ukimtuma vitu vitatu dukani analeta kimoja. Anasoma neno, akifika mwisho wa mstari amesahau mwanzo. Hesabu humshinda kuliko kusoma. Mwandiko wake ni mbaya kwa sababu vidole havitii. Anachelewa kumaliza, si kwamba hajui, bali mawazo yake hutembea pole pole. Wengi wa watoto hawa si watundu. Hukaa kimya nyuma ya darasa, na kwa sababu hawasumbui mtu, mwalimu mwenye wanafunzi 70 hana sababu ya kuwatazama. Mtundu hupelekwa kwa mwalimu mkuu. Huyu hupelekwa darasa la mbele bila kujua kitu.

Kwa wazazi ambao watoto wao wako shuleni tayari, twasema haya. Kitafuteni kile kijitabu cha mama na mtoto. Humo imeandikwa mtoto alizaliwa na uzito gani na mimba ilikuwa na majuma mangapi. Kichukueni, mkamwonyeshe mwalimu. Msione haya, kwani si siri ya aibu. Pili, mtoto apimwe macho na masikio kabla ya kuhukumiwa kuwa mjinga. Wale waliozaliwa mapema sana macho yao huweza kudhurika nyuma kabisa, mahali mzazi hawezi kuona. Tatu, kuna vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji ya pekee katika masomo, ambavyo walimu wakuu huviita kwa herufi EARC. Vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Mwalimu mkuu anaweza kumwandikia mtoto barua ya kwenda huko. Nne, fimbo haiunganishi nyaya. Tena sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kwa adhabu ya mwili au ya akili.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wazazi wengi hawalijui. Tuseme mtoto alitazamiwa kuzaliwa Februari 2019, akazaliwa Novemba 2018. Kwa kalenda alitimiza miaka sita Novemba 2024, kwa hiyo aliingia Gredi ya Kwanza Januari 2025. Angezaliwa siku zake angeingia Januari 2026. Mtoto ambaye ubongo wake ulihitaji miezi mitatu zaidi amepelekwa mbele mwaka mzima! Mzazi akiwa na mtoto wa namna hii, na akiona bado ni mchanga, azungumze na mwalimu ili abaki mwaka mmoja zaidi katika shule ya chekechea. Majirani watasema. Waacheni waseme.

Na kwa ndugu zetu wa Dandora, Korogocho na Kariobangi, hatuwezi kupita bila kutaja lile jaa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa taarifa ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa la Dandora, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule. Risasi hii si ile ya bunduki, ni ile madini ya betri na rangi. Nayo hula ubongo wa mtoto taratibu bila dalili. Mtoto aliyezaliwa na nyaya pungufu, kisha akacheza kwenye vumbi hilo, amepigwa mara mbili. Jambo hili lastahili hotuba yake.

Sasa turudi nyuma, kwenye wodi.

Mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, madaktari wawili, Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez, waliona taabu ambayo hata sisi twaijua. Watoto wadogo walikuwa wengi, mashine za joto chache, wawili watatu wakilala katika mashine moja na kuambukizana magonjwa. Wakaamua kumtoa mtoto kwenye mashine na kumweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitambaa, usiku na mchana, ananyonya maziwa ya mama. Wakaipa njia hii jina la kangaruu, yule mnyama wa Australia anayebeba mtoto wake katika mfuko wa tumbo. Wengi walifikiri ni dawa ya maskini tu. Lakini baadaye watoto waliolelewa kwa njia hii walitafutwa miaka 20 baada ya kuzaliwa, wakapimwa, na taarifa ikatolewa mwaka 2017. Wale waliobebwa kifuani, wakilinganishwa na waliolelewa kwa mashine, walikuwa na utulivu zaidi, walikosa shule mara chache zaidi, na wazazi wao walikuwa wamewalea kwa uangalifu zaidi. Miaka 20, ndugu! Yale majuma machache ya kifuani yalikuwa bado yaonekana katika mtu mzima.

Mwaka 2021 ilitolewa taarifa nyingine, kutoka Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Walianza kumbeba mtoto mara tu baada ya kuzaliwa, wala hawakungoja apate nguvu kwanza. Vifo vilipungua kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya la Dunia likawashauri waganga wa nchi zote wafanye hivyo.

Hapa Nairobi njia hii inajulikana. Iko Pumwani, ile hospitali iliyoanza mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg na ambayo imewazaa nusu ya watu walio katika ukumbi huu, na iko katika hospitali nyingine za upande wetu. Kinachopungua ni mikono. Watafiti waliokaa katika wodi za watoto wachanga wa Nairobi wakihesabu kazi za wauguzi walikuta muuguzi mmoja akitazama watoto wapatao 15. Mtoto mdogo huhitaji kulishwa kila baada ya saa mbili au tatu. Pigeni hesabu wenyewe kama mtu mmoja aweza, hata akiwa na moyo wa malaika. Wauguzi nao ni wafanya kazi, na hapa hatuwalaumu hata kidogo. Kwa hiyo anayemlisha mtoto, anayemtia joto, anayemtazama kama anapumua, ni mama. Dawa iliyo kubwa kuliko zote kwa ubongo ule ni kifua cha mama, maziwa yake, na sauti yake. Na dawa hiyo haiuzwi kwa chupa. Hupimwa kwa siku.

Hapo ndipo chama kinapoingia.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye mshahara kamili, na baba majuma mawili. Likizo hiyo ilipimwa kwa mtoto aliyezaliwa siku zake. Tufanye hesabu kwa mtoto wa majuma 30. Amezaliwa majuma 10 kabla ya siku zake. Miezi mitatu ni majuma 13. Mama anakaa naye hospitalini, tuseme majuma sita au saba, anatoka, anambeba kifuani nyumbani. Majuma 13 yakiisha, msimamizi anamtaka kwenye mashine. Wakati huo mtoto, kwa hesabu ya tumbo, ana majuma matatu tu. Tunamwambia mama amwache mtoto wa majuma matatu kwa msichana wa jirani, amkamulie maziwa kama anaweza, apande matatu saa kumi na moja alfajiri. Mama mwingine ambaye mtoto wake alizaliwa siku zake anamwacha wa miezi mitatu kamili, na hata huyo twaona ni mdogo.

Tumeyaona haya kwa macho. Dada mmoja mwanachama wetu, mshonaji katika kiwanda cha nguo, alijifungua katika juma la 29. Alipoomba aongezewe mwezi mmoja aliambiwa kwamba kampuni haikumtuma azae mapema. Aliporudi kazini maziwa yalikauka katika juma la pili. Mtoto sasa yuko Gredi ya Tatu, na twamjua kwa jina. Hatuwezi kusema kwamba mwezi ule ungemfanya awe wa kwanza darasani, kwa maana hakuna daktari anayeweza kusema hivyo kwa mtoto mmoja. Twasema tu kwamba alinyimwa kitu ambacho kinajulikana kusaidia, na hakikuwa cha bei kubwa.

Wengine watasema, hiyo ni sheria, tutafanya nini? Sheria ni sakafu tu, na dari hatukuwekewa. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mkataba ukiwa na masharti mazuri zaidi, hayo mazuri ndiyo yatakayofuatwa. Tazameni wenzetu. Huko Ujerumani mama wa mtoto aliyezaliwa mapema hupewa majuma 12 baada ya kuzaa badala ya manane, na zile siku za kabla ya kuzaa alizopoteza hurudishiwa. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kazi Aprili 2025, inayowapa wazazi mpaka majuma 12 zaidi mtoto akilazwa akiwa mchanga. Mtasema hao ni matajiri. Basi tazameni Tanzania. Pale vyama vya wafanya kazi viliomba, na watu kama Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa kabla ya wakati, walipiga kelele miaka mingi. Siku ya Mei Mosi 2024 huko Arusha serikali ikatangaza kwamba imekubali, na mwaka 2025 sheria ikabadilishwa. Mama akizaa mapema, majuma yaliyobaki mpaka kutimia 40 huhesabiwa kwanza, ndipo likizo ya kawaida ianze. Ni hesabu ile ile tuliyoifanya hapa, lakini imeandikwa katika sheria.

Kwa hiyo kamati yataka maneno hayo hayo yaingie katika mkataba wa pamoja unaokuja: likizo ya uzazi ianze kuhesabiwa siku ambayo mtoto alitazamiwa kuzaliwa, kwa cheti cha daktari. Hatuombi pesa za ajabu. Katika akina mama kumi wanaojifungua, anayehusika ni mmoja hivi, na kwa wengi wao ni majuma manne au matano tu.

Kabla mkataba haujapatikana, kila mwanachama ajue haki aliyo nayo sasa. Mosi, sheria hutaka mama atoe taarifa ya siku saba kabla ya likizo, lakini pia yasema muda mfupi kuliko huo unakubalika ikiwa hali inalazimu. Uchungu ukimshika mtu usiku, hali imelazimu. Asikubali kuambiwa amepoteza likizo. Mumewe au dada yake alete barua ya hospitali kesho yake. Pili, likizo ya mwaka haipotei kwa sababu ya likizo ya uzazi. Mwajiri akikubali, mama aweza kuiunganisha. Tatu, ikiwa mama mwenyewe ni mgonjwa baada ya miezi mitatu, likizo ya ugonjwa hufuata. Nne, ana haki ya kurudi kwenye kazi ile ile aliyoiacha. Tano, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri awe na mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Choo si mahali pa namna hiyo.

Na akina mama walio na mimba sasa. Kusimama saa nyingi, kubeba mizigo mizito na kufanya zamu za usiku huongeza hatari kidogo. Shinikizo la damu na maambukizo ya mkojo huongeza zaidi, na haya mawili hugunduliwa kwa kipimo rahisi kliniki. Mtu akisikia uchungu kabla ya wakati asingoje asubuhi. Kuna sindano ya bei ndogo, dexamethasone, ambayo hupewa mama ili mapafu ya mtoto yapate nguvu. Kenya ilikuwa moja ya nchi tano zilizoijaribu, na taarifa ya mwaka 2020 ilionyesha vifo vya watoto vikipungua. Iko dawa nyingine ya kumkinga mtoto ubongo. Lakini zote mbili zafaa tu mama akifika hospitali kabla mtoto hajatoka.

Baada ya hotuba yaliulizwa maswali. Twaandika matatu.

Ndugu mmoja wa kiwanda cha rangi aliuliza kama matajiri hawataacha kuajiri wanawake kabisa. Swali hili ni la haki, na wengi waliitikia kwa kichwa. Tulijibu kwamba sheria ya kazi inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya mimba, lakini twajua kwamba sheria peke yake haimlindi mtu ambaye hakupewa hata fomu ya kuomba kazi. Ndiyo sababu mapatano ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2000, namba 183, yanataka malipo ya uzazi yatoke katika mfuko wa bima wa wote, si katika mfuko wa mwajiri mmoja. Mapatano hayo pia yanataka majuma yasiyopungua 14. Huko ndiko vyama vyote vinapaswa kusukuma, lakini hatuwezi kuwaambia watoto wangoje.

Dada mmoja aliuliza, Sisi vibarua je? Yeye amefanya kazi kiwanda kimoja miaka miwili, akiandikwa upya kila Jumatatu. Tulimjibu kwamba kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na akipita miezi miwili anapata haki kama wengine. Alete majina ya wenzake na tarehe walizoanza kazi, hata kama zimeandikwa kwa mkono kwenye daftari.

Mzee mmoja wa Makongeni aliuliza kama baba naye aweza kumbeba mtoto kifuani, au ni kazi ya mama tu. Watu walicheka. Jibu ni ndiyo, aweza, joto la kifua cha baba ni joto lile lile, na mama aliyepasuliwa hupata nafasi ya kulala. Majuma mawili ya baba yamo katika sheria na ni wanaume wachache katika tawi letu waliowahi kuyaomba. Fomu ziko ofisini.

Wawakilishi wa viwanda wanaombwa walete kabla ya mwisho wa mwezi hesabu ya akina mama waliojifungua mapema katika miaka mitatu iliyopita, siku walizokaa hospitalini na siku walizorudi kazini. Majina yasiandikwe. Wajumbe wetu watakwenda mezani wakiwa na karatasi hiyo mkononi.